Je, wajua kwa nini uso wa Mfalme Fernando VII haubadiliki katika picha za Goya?

Katika Jumba la Makumbusho la Prado, Madrid, kuna picha mbili za rangi ya mafuta ambamo Francisco de Goya alimchora Mfalme Fernando VII wa Hispania baada ya mwaka 1814. Katika moja mfalme amevaa joho la kifalme, na katika nyingine yumo katika sare, kambi ya jeshi ikionekana nyuma yake. Mavazi ni mbalimbali, lakini uso ni uleule. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mfalme alikaa mbele ya mchoraji kila mara, na kwamba kidevu kile kizito kilikuwa kebehi ya Goya kwa mtawala katili.

Nilikosea mara mbili. Goya alikuwa Mchoraji Mkuu wa Kasri tangu 1799, akila mshahara wa mfalme, na baada ya vita dhidi ya Wafaransa mwenendo wake chini ya utawala wa Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon aliyewekwa kuwa mfalme wa Hispania, ulichunguzwa. Huo haukuwa wakati wa kumchezea simba sharubu. Isitoshe, Vicente López, mchoraji mwingine wa kasri, ambaye hakuna anayemtuhumu kwa kebehi, naye alimchora Fernando akiwa na pua kubwa, nyusi nzito na kidevu hichohicho. Huenda Goya alimchukia kweli, ila chuki haithibitishwi kwa kidevu ambacho mtu amezaliwa nacho.

Kisa kilianza 1808, Chuo cha Sanaa cha San Fernando kilipoagiza picha ya mfalme mpya akiwa juu ya farasi. Fernando, aliyekuwa na miaka 23, alimpa Goya muda usiofika saa moja, kisha akaondoka Madrid na kuishia kizuizini Ufaransa hadi 1814. Aliporejea, miji na taasisi zilitaka picha upesi, na Goya, kwa kadiri ulinganisho wa picha zenyewe unavyoonyesha, aliurudia uso wa 1808. Alifanya kama fundi cherehani aliyempima mteja mara moja, akaendelea kumshonea kwa vipimo vilevile. Katika studio za picha za zamani koti moja la kuazima lilivaliwa na watu wengi. Hapa uso mmoja ulivalishwa makoti mengi, ndiyo maana kichwa huonekana kana kwamba kimepachikwa.

Picha ya mfalme ya 1814 iliyochorwa kwa ajili ya mji wa Santander ina hata simba mwenye minyororo iliyokatika. Simba alichorwa upya. Kichwa cha mfalme ndicho kilichotoka stoo.