Kuwahamisha ndege adimu sio kuwamaliza

Hapa Tanga ukikaa kijiweni Ngamiani stori ya ndege adimu ikianza lazima atokee mtu aseme wakibaki wachache waacheni hukohuko kisiwani, ukiwatoa hata kidogo unawamaliza. Jamani, sio lazima iwe hivyo.

Chukua kandege ka Shelisheli kanaitwa Seychelles warbler, 1968 walikuwa wamebaki kama 26 tu, wote kisiwa cha Cousin, hekta 29 hivi. Watu walikuwa wamefyeka msitu wakapanda minazi, basi mwaka huo kisiwa kikanunuliwa kiwe hifadhi, msitu ukarudi, ndege wakaongezeka mpaka mia tatu na kitu halafu wakagota hapohapo. Nafasi imejaa! Vijana wanakosa eneo lao wanabaki kwa wazazi kulea wadogo zao (na mtaani kwetu wapo wengi tu).

Sasa 1988 wakachukuliwa 29 wakapelekwa kisiwa kingine, Aride, na yale maeneo waliyoyaacha Cousin yakajazwa fasta, mengine ndani ya masaa tu, na kule Aride nako wakazaana balaa.

Wanajuaje yote haya? Karibu kila ndege wa Cousin ana pete za rangi miguuni, mpangilio wake peke yake, mwenye darubini anajua huyu nani na anakaa na nani. Na kwa vile ni nadra mno kuhama kisiwa wenyewe, asiyeonekana tena anahesabiwa kafa. Baadaye wengine wakapelekwa visiwa vingine, Cousine (sio Cousin ile), Denis na Frégate, siku hizi jumla wamepita 3,000.