“Mmeelewa?” Swali linalotudanganya kwenye mafunzo ya kazini

Kiwanda kimoja nje kidogo ya Kampala kilituita tuwafundishe wafanyakazi wake wa usafi namna ya kuchanganya asidi na maji. Walikuwa watu 22: Waganda na Wasoga, Waacholi, Walugbara, akina mama wawili wa Karamoja, na wakimbizi wa Kongo waliokuja na Kiswahili chao. Nilieleza kwa Kiswahili na Kiingereza, mwenzangu akarudia kwa Kiluganda. Nikauliza, “Mmeelewa?” Baadhi wakaitikia “eee”, wengine wakainua nyusi, na kwetu Uganda nyusi zikiinuka mtu ameshasema ndiyo.

Kisha nikamwomba baba mmoja wa makamo atuonyeshe, kwa jerikeni mbili zenye maji matupu, moja tumeiandika kwa chaki kuwa ndiyo asidi. Akaanza na ile ya asidi, akamiminia maji juu yake. Ingekuwa asidi kali ya kweli, ingepata moto ghafla na kumrukia usoni. Kanuni ni maji yatangulie, asidi iingie kidogo kidogo. Wenzake 21 walikuwa wanamtazama na hakuna aliyefungua kinywa.

Baadaye msichana mmoja alinifuata pembeni. “Mimi nilijua anakosea,” akasema, “lakini yule ni mzee wetu.” Alilelewa kupiga magoti anapomsalimia mtu wa umri ule, ningetarajiaje amsahihishe mbele ya wageni? Na mzee mwenyewe, angewezaje kusema hajaelewa wakati vijana wa umri wa wanawe wote wameitikia? Tena, mtu mzima akimjibu mkufunzi “hapana” anaona kama anamwambia kwamba kazi yake haikufaa. Kwa hiyo “Mmeelewa?” hujibiwa kwa adabu, nasi tunaandika kwenye ripoti kwamba somo limeingia. Tangu siku ile nimeliacha kabisa neno hilo, na ninawasihi wakufunzi wenzangu waliache.

Tazama pia maneno tunayoyaona mepesi. Siku hiyohiyo niliita kile kimiminika “dawa”, kama tunavyosema dawa ya choo au dawa ya wadudu. Kiluganda kina eddagala, linalobeba maana zote mbili, ya kutibu na ya kemikali. Kiacholi kina yat, ambalo ni mti na pia ni dawa. Mtu anayesikia lugha ya mkufunzi nusunusu hushika neno analolijua, na neno hilo linamwambia habari ya kupona. Sasa nasema “asidi, inachoma”, nagusa mkono wangu, kisha naomba kila kundi liniambie kwao kitu kinachochoma ngozi kinaitwaje.

Picha nazo hazijitoshelezi. Alama za hatari za kimataifa zilitolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003, na ile ya kemikali zinazounguza inaonyesha kimiminika kikidondokea mkono. Mama mmoja aliitazama kwa makini akanieleza kwa utulivu: hapa ni mahali pa kunawia mikono. Hakuwa mzembe. Alisoma kilichochorwa, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Bango lolote la usalama lipelekwe kwanza kwa watu wanne au watano wa zamu, kila mmoja peke yake, aseme anaona nini, kabla halijagongelewa misumari ukutani.

Kuhusu lugha, Katiba yetu inazitambua jamii 65 za wenyeji, na hapo bado hujawahesabu wakimbizi ambao Uganda imewapokea kwa zaidi ya milioni moja. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi ni mtu wa Kiswahili na ninakitakia heri. Lakini wako wazee, hasa Buganda, ambao walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani vya wanajeshi wakati wa Amin, na kwao sauti ya Kiswahili cha amri bado inaumiza. Mkufunzi akiingia na “Kaeni chini! Sikilizeni!” amewapoteza kabla hajaanza. Salimia kwa urefu, uliza habari za nyumbani, na kama yumo Mtooro au Mnyoro akakupa empaako yake, yaani jina lake la heshima na upendo, mwite Amooti au Akiiki kama alivyokwambia. Dakika kumi za salamu si za kuonea uchungu.

Njia ninayoitegemea ni hii. Siulizi mtu ni kabila gani; hilo kwenye chumba chetu lina siasa ndani yake. Nauliza, “Ukihesabu pesa zako kimoyomoyo, unahesabu kwa lugha gani?” Kwa jibu hilo nayaunda makundi ya kuelezana, na kila kundi linajadili kazi kwa lugha yake bila mimi kuingilia. Kisha nayavunja. Kwenye mashine Mlugbara atasimama karibu na Mkongo, kwa hiyo zoezi la mikono lifanywe na watu waliochanganyika, na wakubaliane maneno machache ya tahadhari ambayo wote watayapigia kelele bila kufikiri: simama, moto, usiguse. Hapo ndipo Kiswahili kinapofaa kweli.

Mkalimani asiwe msimamizi wa zamu. Nimemwona msimamizi akigeuza swali la mfanyakazi kuwa shukrani kwa uongozi. Chagua mfanyakazi wa kawaida anayeaminiwa na wenzake. Na siku za mafunzo zipangwe kwa kukumbuka Ijumaa ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato, na mama anayewahi teksi kabla ya giza.

Waajiri wengine huniambia watu wao “hawakusoma”, kwa hiyo hawafundishiki. Mwaka 1993 hadi 1995 huko Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, shirika la ActionAid lilijaribu REFLECT, mbinu ya kufundisha kusoma na kuandika, kwa watu wazima wa lugha mbili tofauti, Lukonzo na Lwamba. Walianza kwa kuchora chini ramani za vijiji na kalenda za kazi zao, kwa mawe na vijiti, na kusoma kukafuata kutoka kwenye yale waliyoyajua. Hata Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani nchini imewahi kutoa cheti cha Worker’s PAS kwa mtu aliyeonyesha ujuzi wake kwa vitendo, hata kama hakupita darasani. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo. Sioni vipi maelekezo ambayo mtu hakuyashika yahesabiwe kuwa ametoa.

Wiki mbili baada ya mafunzo, rudi kiwandani, na uende zamu ya usiku, ambako wakufunzi hatuonekani. Usiite mkutano. Msogelee mtu mmoja mmoja pale alipo, mwambie, “Mzee wangu, nifundishe mimi, nianzie wapi?” Akikufundisha, tazama mikono yake. Yule baba wa jerikeni nilimkuta hivyo. Alininyang’anya kikombe cha kupimia, akatia maji kwanza, kisha akanigeukia na kuniuliza glovu zangu ziko wapi.