Makundi maalumu kwenye maafa: maana yake

Likitokea janga, utasikia viongozi wakisema "makundi maalumu yapewe kipaumbele." Hutajwa wazee, watoto wachanga, wajawazito, watu wenye ulemavu na wagonjwa wa muda mrefu: wa sukari, presha, kifafa, TB, wanaotumia ARV. Lakini umri au ulemavu peke yake haumweki mtu hatarini. Hatari huja pale anachokitegemea kila siku kinapokatika ghafla: dawa, kiti mwendo, fimbo nyeupe, mtu wa kumshika mkono.

Chukua Katesh, wilayani Hanang, Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023. Tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi kwenye makazi. Watu zaidi ya 80 walifariki, na waliopoteza nyumba wakahifadhiwa kwenye majengo ya shule. Mtu mwenye afya zake, godoro na uji wa moto vitamvusha wiki. Mwenye kifafa akikosa vidonge siku chache tu, anaweza kuanza kuanguka tena. Akiulizwa anatumia dawa gani, atajibu "vile vidogo vyeupe", maana kadi ya kliniki imefukiwa na tope.

Halafu kuna choo, jambo linalosahaulika kuliko yote. Vyoo vingi vya shule ni vya kuchuchumaa, vina ngazi, havina pa kushika. Bibi mwenye magoti mabovu akishaviona, anapunguza kunywa maji ili asiende. Siku ya tatu kichwa kinamuuma na mkojo unamchoma, naye anapewa vidonge, wakati alichohitaji ni kiti cha mbao kilichotobolewa katikati.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kwa maoni yangu, kazi yao ya kwanza kabla ya masika ni daftari: nani haoni, nani hatembei, nani ana mimba ya miezi minane, na jirani yupi atambeba. Jina la jirani liandikwe, kwa sababu usiku wa mafuriko "tutasaidiana" haimtaji mtu. Habari za dawa zibaki kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii; siri ya mgonjwa haifutwi na mvua.

Nyumbani nako, kadi ya kliniki na dawa za akiba zikae kwenye kopo lenye mfuniko, karibu na mlango. Insulini ya mgonjwa wa sukari haitaki joto: friji ikikosekana, iwekwe kwenye chombo kikavu kilichofungwa vizuri, ndani ya chungu cha udongo kilicholowanishwa, kivulini.