Mwite fundi, lakini shimo lisifukiwe kabla hujaliona

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu majitaka huja kati ya Januari na Aprili, mvua inapokuwa imekolea hapa Mbeya na ardhi imeshiba maji. Mwenye nyumba huanza kwa kulalamikia harufu, kisha hueleza kwamba maji ya bafuni yanachelewa kushuka, na mwishoni, kwa sauti ya chini kidogo, hutaja kuwa kuna sehemu ya uani isiyokauka hata siku ya jua kali. Mara nyingi mfumo wa nyumba hiyo ulijengwa Agosti au Septemba, wakati ardhi imekauka kiasi kwamba hata shimo bovu hunyonya maji bila shida.

Februari moja niliitwa na mwalimu mstaafu upande wa Uyole, ambaye mfumo wake ulikuwa haujatimiza mwaka. Tulipofunua shimo la kunyonya maji, tulilikuta limejaa hadi usawa wa bomba linaloingia, na baada ya gari la majitaka kulivuta nikaona kwamba ukuta wote, kuanzia juu hadi chini, ulikuwa umepigwa plasta laini ya saruji, kazi safi ambayo ingependeza sebuleni. “Fundi alisema anapiga plasta ili ukuta usibomoke,” akanieleza. Nikamwambia, “Mwalimu, hapa umejengewa tangi la pili.” Hakucheka, na sikumlaumu.

Kosa hilo hutokana na kuchanganya vitu viwili. Tangi la septiki halitakiwi kuvuja: humo kinyesi hutulia chini na kuwa tope, mafuta huelea juu na kufanya utando, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kupitia bomba lenye kichwa cha umbo la T, ambacho mguu wake huzama chini ya utando ili mafuta yasipite. Shimo la kunyonya, kinyume chake, hujengwa kwa mawe au tofali zilizoachiwa nafasi bila udongo wa saruji katikati, na nyuma yake hujazwa kokoto, kwa sababu kazi yake ni kuyaachia maji yaingie ardhini. Fundi asiyeweza kukueleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe asipewe kazi, hata kama bei yake ni nafuu.

Mimi humpima fundi kwa maswali anayouliza kuliko kwa majibu anayotoa. Anayekutajia bei kwa simu bila kuona kiwanja anakisia. Fundi mzuri atataka kujua nyumba ina watu wangapi, kisima chako na cha jirani viko wapi (mimi sikubali shimo la kunyonya liwe karibu na kisima kwa chini ya mita 30, na kisima kikiwa upande wa bondeni naongeza), na gari la majitaka litapita wapi siku ya kuvuta. Kisha atachimba kishimo kidogo, atakijaza maji, atakiacha kilale hivyo, na kesho yake atakijaza tena ili apime kwa saa yanashuka kiasi gani. Jaribio hilo halina gharama kubwa, lakini ni mafundi wachache wanaolifanya bila kuombwa, kwa hiyo liombe. Udongo wetu haufanani: Iringa unaweza kuchimba mita moja na kugonga mwamba, Tukuyu mvua ni nyingi mno kiasi kwamba shimo refu linaweza kukutana na maji ya ardhini, na Njombe au Makete baridi ya Juni na Julai hupunguza kasi ya vijidudu vinavyomeng'enya tope. Kipimo kilichofaa kwa nyumba ya shemeji yako si lazima kikufae wewe.

Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni jambo jema, nami hukiulizia, ila humwomba fundi anipeleke pia kwenye nyumba aliyoifanyia kazi misimu miwili ya mvua iliyopita, nikazungumze na mama mwenye nyumba fundi akiwa hayupo.

Kuhusu malipo, tenganisha hela ya vifaa na hela ya ufundi, na dukani mwende pamoja, kwa maana bomba la inchi 4 lenye ukuta mwembamba na lile lenye ukuta mnene hufanana kwa mbali lakini la ukuta mwembamba hupasuka likipitiwa na gari. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, yakisema kwamba hakuna bomba wala shimo litakalofukiwa kabla hujalikagua, na kwamba sehemu ya mwisho ya ufundi italipwa baada ya majaribio. Siku ya ukaguzi, weka pimamaji juu ya bomba. Mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita unatosha. Mwaga ndoo mbili chooni huku mtu mwingine akiangalia kwenye chemba. Tangi lenyewe lijazwe maji na liachwe usiku mzima, yakipungua, linavuja.

Mfumo ukishaanza kazi, maji ya paa yasielekezwe humo, na majivu na mchanga wa kusugulia masufuria visiishie kwenye sinki, kwa kuwa havimeng'enywi na chochote. Tope na utando vikifikia theluthi ya kina cha tangi, ita gari. Usimruhusu mtu yeyote, hata saidia fundi aliyezoea, kushuka ndani ya tangi lililotumika: hewa ya humo humwangusha mtu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Kwa mwalimu wa Uyole hatukubandua plasta. Shimo lile tuliligeuza kuwa chumba cha pili cha tangi, tukachimba jipya upande wa juu wa kiwanja palipopita jaribio la maji, tukalijenga kwa mawe yasiyounganishwa, na kwa kuwa sehemu ile iko juu kuliko tangi, ikabidi tuweke pampu ndogo. Umbali kutoka kona ya jiko hadi kila mfuniko aliuandika mwenyewe kwa chaki, kisha kwa rangi, ndani ya mlango wa stoo.