Plaki ya jua yenye uso wa kuparuza si mbovu

Wakaaji wengi wa Bukavu wanatuletea sisi wapimaji plaki za jua, yaani paneli za umeme wa jua, wakidai wameuziwa mali mbovu, kwa sababu kioo chake haking'ai na kinaparuza kidogo ukikipapasa. Juma lililopita baba mmoja wa Kadutu alifika na plaki aliyoisugua kwa mchanga na sabuni ili itakate. Plaki ilikuwa nzima kabla ya kusuguliwa. Alichokiondoa ni kile alichokilipia.

Naomba lieleweke kwamba kung'aa ni hasara, kwa kuwa mwanga unaorudi machoni mwako ni mwanga ambao plaki haikuutumia. Silikoni, ile iliyo chini ya kioo inayogeuza mwanga kuwa umeme, ikilainishwa hurudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga, na ndiyo maana viwandani huchovywa katika dawa kali inayochimba uso wake na kuacha piramidi za mikromita (elfu za milimita) chache, kubwa kwa ndogo, zilizotapakaa bila safu. Mwale ukidunda kwenye piramidi moja huangukia nyingine, na ule uliokwisha kuingia hupita mshazari, ukakawia ndani. Uso wa kioo kilicho juu yake nao haulainishwi kwa sababu hiyohiyo.

Viumbe vilitangulia. Magamba ya mabawa ya Pachliopta aristolochiae, kipepeo mweusi wa Asia, yana vitundu visivyolingana wala kupangika. Mwaka 2017 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, waliviiga kwenye utando mwembamba wa silikoni, na mwanga ulionaswa ukaongezeka kwa asilimia 90 ulipoingia wima, na hadi asilimia 200 ulipoingia kwa kuinama sana. Safu kamilifu ingependelea rangi chache na pembe chache. Mvurugo hupokea nyingi, jambo lenye faida kubwa kwetu ambao mawingu hutuletea mwanga kutoka kila upande.

Lakini mvurugo huo una vipimo vyake, na mikwaruzo ya mchanga haina. Tumeshalisema hili mara nyingi: maji na kitambaa laini vinatosha, asubuhi, kabla kioo hakijapata moto.

Mwenye shaka alete plaki, risiti, na karatasi ya nyuma, ile iliyoandikwa vipimo vya plaki, ikiwa haijabanduliwa. Mbele yake tutapima nguvu ya jua, kisha volti bila mzigo (plaki haijaunganishwa na kifaa), kisha ampea za shoti (nyaya zake mbili zikiunganishwa moja kwa moja), na matokeo yataandikwa katika nakala mbili, moja yake na moja ya faili. Ampea zikipungua mno, muuzaji huitwa kwa maandishi na plaki zilizobaki za shehena hiyo huzuiliwa dukani mpaka zipimwe. Karatasi ikiwa imebanduliwa, malalamiko hayapokelewi.