Ufuatiliaji wa Waliotangamana na Mgonjwa wa Mpox: Yanayowapasa Wakazi wa Mombasa Kujua

Kisa cha kwanza cha Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta upele na uliokuwa ukiitwa homa ya nyani, kilithibitishwa nchini Kenya mwezi Julai 2024 katika mpaka wa Taveta, kwa msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kuelekea Rwanda. Tangu hapo Mombasa haijapata nafasi ya kujiona iko mbali na ugonjwa huu, kwa kuwa barabara inayoanzia bandari ya Kilindini ndiyo inayofika Malaba, Kampala na Kigali. Wagonjwa wengi hukubali matibabu bila taabu. Ugumu huanza pale afisa wa afya ya umma anapouliza majina ya watu waliotangamana nao, kwani hapo hutolewa nambari za simu zisizopatikana, au majina ya watu wa nyumbani pekee, na yule aliyekuwa karibu zaidi na mgonjwa akaachwa nje ya orodha.

Ni vyema ieleweke kwamba aliyetangamana na mgonjwa bado si mgonjwa. Kwa upande wa Mpox, sisi wa afya ya umma tunamtafuta aliyegusana ngozi kwa ngozi na mgonjwa, aliyeshiriki naye tendo la ndoa, aliyelala kwenye shuka zake au kutumia taulo na nguo zake, na aliyemhudumia bila glavu. Mtu aliyesimama karibu naye kwenye kivuko cha Likoni bila kugusana naye kwa kawaida haingii katika orodha hiyo. Kwa kuwa baadhi ya wagonjwa huanza kuambukiza siku 1 hadi 4 kabla ya dalili, maswali yetu hurudi nyuma kidogo kuliko siku ya kipele cha kwanza, nayo huendelea hadi magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote.

Aliyeorodheshwa hufuatiliwa kwa siku 21. Siku hizo huhesabiwa kuanzia mara ya mwisho alipotangamana na mgonjwa. Hazianzi siku aliyopigiwa simu, na akigusana naye tena hesabu huanza upya. Kila siku mhudumu wa afya wa jamii au afisa wetu humpigia au kumtembelea, akauliza kuhusu homa, maumivu ya kichwa na misuli, tezi zilizovimba na upele. Asipokuwa na dalili anaweza kuendelea na kazi yake, ila asishiriki tendo la ndoa, asitoe damu, na asisafiri nje ya nchi hadi muda huo uishe.

Hapa ndipo malalamiko yanapozidi. Wapo wanaodai wapimwe mara moja ili waachwe huru, na tumelieleza jambo hili mara nyingi: sampuli ya Mpox huchukuliwa kwenye upele wenyewe, hivyo asiye na upele hana cha kupimwa, na kipimo hakiwezi kufupisha siku 21. Wapo pia wanaosema kwamba hawajala nyama ya tumbili wala kuwashika wale wanaozunguka Nyali na Bamburi, kwa hiyo Mpox haiwahusu. Virusi hivi asili yake ni kwa wanyama, na panya na jamaa zao ndio wanaoshukiwa zaidi kuvihifadhi porini, lakini vikishaingia kwa binadamu huenda kutoka mtu hadi mtu bila kumhitaji mnyama yeyote. Ugonjwa mwingine, Homa ya Bonde la Ufa, ndio unaotupeleka kwenye mifugo, machinjio na maziwa mabichi, kwani maambukizi yake ya mtu kwa mtu hayajathibitishwa.

Wanaoona kazi hii ni usumbufu wautazame mji wa Lagos, ambao ni mji wa bandari kama wetu na una watu wengi zaidi. Julai 2014 msafiri mmoja kutoka Liberia aliingia huko akiwa na Ebola, wakati ambapo hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Maafisa waliwafuatilia karibu watu 900 kwa ziara za ana kwa ana zipatazo 18,500, na nchi nzima ya Nigeria ikaishia na wagonjwa 20, wanane kati yao wakafariki.

Kuhusu siri, taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na aliyeorodheshwa haambiwi ni nani aliyemtaja. Kuhusu adhabu, kifungu cha 28 cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kinamgusa mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza anayejitokeza kwa makusudi mahali pa umma bila tahadhari, au anayepanda gari la abiria bila kumjulisha mwenye gari, kondakta au dereva. Faini haizidi shilingi 30,000, kifungo hakizidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu hicho hakimlengi mtu mwenye afya aliyetajwa katika orodha, wala simu ya afisa wetu si hatua ya kumkamata.

Anayefuatiliwa akiona upele au akipata homa, aufunike upele huo kwa nguo, avae barakoa, akae mbali na watu wa nyumbani, na apige nambari 719, isiyotozwa malipo, au amwite mhudumu wa afya wa mtaa wake kabla ya kupanda matatu au tuktuk.