Gari kuchemsha linapovuta tela: maana yake na pa kuanzia kutafuta

Injini huchemsha pale joto inalolitoa linapozidi lile ambalo rejeta inaweza kulitupa nje. Petroli au dizeli ikiungua, sehemu tu ya nguvu yake hufika kwenye magurudumu. Inayobaki huwa joto: jingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, jingine hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya injini na kupelekwa kwenye rejeta. Kazi ikiongezeka, na joto linaongezeka, na pikapu haina kazi nyingi nzito kuliko kupandisha tela mlimani.

Hesabu yake si ngumu. Pikapu ya tani 2.5 ikipanda mlima wa asilimia 6 kwa kilomita 80 kwa saa inahitaji kama kilowati 33 kuinua uzito wake tu, kabla hujaweka upepo na msuguano wa matairi. Ifungie tela la tani 2.5, zinakuwa 65. Shusha mwendo hadi kilomita 50, zinarudi kama 41. Dereva anayepunguza mwendo mlimani akiwa na mzigo ameondoa zaidi ya theluthi ya kazi hiyo kwa mguu wake tu, wala hakununua kitu.

Hata hivyo, gari lililopakiwa ndani ya uzito ulioruhusiwa halipaswi kuchemsha. Kiwango cha Marekani cha kupimia uwezo wa kuvuta, SAE J2807, hulipandisha gari na tela lake kwenye mlima wa Davis Dam huko Arizona, kilomita zipatazo 18, katika joto la nyuzi 38 au zaidi na kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Kwa hiyo kama uzito wako ni halali na mshale wa joto bado unapanda, kuna kitu kimechoka. Tela halikukiharibu. Bila mzigo injini hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa rejeta, na rejeta iliyoziba nusu inaweza kukaa mwaka mzima bila kulalamika.

Kabla ya kununua chochote, uliza: linachemsha lini?

Likichemsha limesimama au kwenye foleni, kisha likapoa barabara ikifunguka, tatizo ni upepo, na wa kwanza kushukiwa ni feni. Pikapu nyingi zina feni inayoendeshwa na injini kupitia klachi yake, ambayo hukaza rejeta ikipata moto. Ikikaza utaisikia, inavuma kama lori linalopita. Kama mshale uko juu na huusikii mvumo huo, au injini ni ya moto, umeizima, na feni inazunguka kwa urahisi ukiisukuma kwa kidole, klachi imekufa. Kava la plastiki linaloizunguka feni nalo watu hulitupa likivunjika, kisha feni inabaki kuvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Likiwa shwari kwenye foleni lakini likachemsha mlimani au kwa mwendo mkali, geukia maji na rejeta yenyewe. Hapa ndipo kesi nyingi za tela zinapoishia. Anza kwa nje: kati ya kondensa ya kiyoyozi (ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake) na rejeta hujikusanya matope, nyasi na wadudu, na ukitazama kwa mbele huoni kitu. Kisha ndani: kwa kipimajoto cha kulenga, pima uso wa rejeta injini ikiwa ya moto. Joto linatakiwa lishuke polepole kutoka upande maji yanakoingilia hadi yanakotokea. Ukikuta sehemu baridi katikati, hapo mirija imeziba. Mtu mwingine akikanyaga mafuta, tazama pia hozi ya chini. Ikibonyea na kujifunga, pampu inavuta maji yasiyopita.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa sana. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na chini ya hapo milimani. Kifuniko kizima, kinachobana maji kwa shinikizo la psi 15, kikishirikiana na mchanganyiko wa nusu maji nusu kulanti husogeza kiwango hicho hadi karibu 129. Mpira wake ukichakaa, yote hayo yanapotea.

Kuhusu themostati, kilango kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, tabia ya kuitoa na kuitupa haifai. Iliyokwama nusu hakika huchemsha gari likiwa na mzigo, lakini dawa ni kuweka nyingine. Katika baadhi ya injini, ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta kabisa. Umelipa ili uchemshe zaidi.

Gasketi ya silinda hedi ndiyo kila mtu anaiogopa, na inaweza kuvuja penye mzigo tu. Dalili yake nzuri ni hozi ya juu kuwa ngumu muda mfupi baada ya kuwasha injini ya baridi, kabla maji hayajapata moto. Fundi anaweza kuthibitisha kwa dawa ya buluu inayogeuka njano (au kijani kwa dizeli) ikikutana na hewa ya mwako ndani ya rejeta. Omba kipimo hicho kabla hedi haijafunguliwa.

Kwa gari la otomatiki ongeza giaboksi. Mara nyingi mafuta yake hupozwa ndani ya tangi la rejeta hiyohiyo, na gia ikihangaika kupanda na kushuka mlimani, joto lake lote linaingia kwenye maji ya injini. Zima gia ya juu kabisa, na kama unavuta mara kwa mara, funga kipozeo cha pembeni.

Usiiamini sana geji. Kwenye magari mengi ya sasa mshale umepangwa kukaa katikati hata joto likitofautiana kwa nyuzi nyingi, hivyo ukiuona unasogea, mambo yalianza zamani. Kifaa kinachosoma namba halisi kupitia soketi ya kompyuta ya gari kinafaa zaidi. Mshale ukianguka ghafla baada ya kupanda, usifurahi: huenda sensa haiguswi tena na maji.

Ukikutwa mlimani, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho hata kama utatokwa jasho, punguza mwendo na ushuke gia. Mvuke ukitoka au mshale ukigusa nyekundu, simama uzime injini. Kifuniko usikiguse mpaka hozi ya juu iwe laini na isiunguze mkono.